Dirisha la darasa Dodoma, lifunguliwe au lifungwe?

Katikati ya Agosti nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne, magoti yamebana, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi ya serikali hapa jijini Dodoma. Tulikuwa kama themanini. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Baada ya nusu saa mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alinyoosha mkono, tukadhani ana hoja kuhusu michango ya uji. “Mwalimu, samahani, naomba tufungue dirisha. Humu hewa hakuna.” Mwalimu mkuu akainuka, akalivuta dirisha moja. Upepo ukaingia na vumbi lake jekundu, karatasi za mapato na matumizi zikaruka, mzee wa mstari wa mbele akaanza kukohoa. “Mnaona wenyewe, wazazi wangu,” akasema, akalifunga. Kikao kikaendelea.

Tangu siku ile swali la lile dirisha halijanitoka, kwa sababu watoto wetu hulijibu kila siku bila kuulizwa. Wakifunga, wanavuta pumzi za wenzao. Wakifungua, wanavuta ardhi ya Dodoma. Nasi wakubwa tunaopanga shule za kisasa, tunaozungumzia kompyuta na “shule janja”, hatujawapa hata kifaa kimoja cha kuwaambia ni lipi kati ya hayo mawili lina nafuu saa ile.

Ninachotaka kusema ni hiki: mfumo wa kisasa unaozifaa shule za umma za Dodoma hauanzi na kiyoyozi. Unaanza na kipimo cha hewa, pamoja na mtu aliyepewa jukumu na uwezo wa kukifanyia kazi. Ikienda kinyume, fedha itaning’inia ukutani.

Wengi tukisikia habari za majengo yanayojiendesha tunawaza maghorofa ya Dubai. Kumbe chimbuko lake ni darasani. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kule baridi ni kali, na madarasa yalipashwa joto na tanuri lililokuwa chini ya jengo. Kila mara mhudumu alilazimika kuingia darasani na kukatiza kipindi ili asome kipimajoto, kisha ateremke kurekebisha tanuri. Johnson alichoshwa na usumbufu huo, akabuni kifaa cha umeme cha kumpigia mhudumu kengele kule chini joto linapobadilika. Alipata hataza yake mwaka 1883, na miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni mjini Milwaukee ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa duniani za mitambo ya majengo.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba kifaa cha mwalimu yule hakikupasha joto wala kupooza chochote. Kilipeleka habari kwa mtu mwenye kazi ya kurekebisha. Sisi tumezoea kuanza na mashine kubwa, na habari tunaiacha ikae bila mpokeaji.

Ungeniuliza kuhusu shule ya Tanga au Bagamoyo ningesema fungueni madirisha mwaka mzima, mambo yaishe. Huku kwetu haiwezekani. Mvua zetu ni chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Kuanzia Mei ardhi hukauka, nyasi zikaisha, na kati ya Julai na Oktoba upepo wa mashariki na kusini-mashariki hupita juu ya uwanda ulio wazi ukiokota kila kilicholegea. Tena asubuhi za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtoto aliyetembea tangu alfajiri na sweta moja hatafungua dirisha kwa hiari yake. Kwa hiyo madarasa yetu hufungwa kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, baridi na vumbi, na zote mbili zina haki.

Vumbi lenyewe lina historia ambayo kizazi cha sasa kimeisahau. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ulianza pia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ardhi ya mkoa, hasa ya Kondoa, ilikuwa ikimomonyoka vibaya. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili majani yapate kurudi. Serikali ilikwisha kukubali tangu wakati ule kwamba ardhi iliyobaki uchi ni suala la uongozi. Nitarudi kwenye ardhi uchi, maana ipo pia ndani ya uzio wa shule.

Kwanza tuingie kwenye darasa lililofungwa. Chukua chumba cha mita 7 kwa 9, kimo mita 3. Kina mita za ujazo 189 za hewa. Weka watoto 45, idadi inayotajwa na miongozo yetu kwa darasa la msingi, ingawa kila mzazi wa Dodoma anayajua madarasa yenye mara mbili ya hapo. Mtoto aliyetulia dawatini hutoa kama lita 12 za hewa ukaa kwa saa. Hewa ya nje siku hizi ina hewa ukaa takribani sehemu 420 katika milioni. Funga mlango na madirisha barabara, fundisha kipindi kimoja cha dakika 40, kisha piga hesabu kwa kalamu: kiwango kitapita 2,000. Wakiwa watoto 90 kitapita 4,000.

Max von Pettenkofer, Mjerumani wa Munich aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya usafi wa mazingira, alipendekeza mwaka 1858 kwamba hewa ukaa katika chumba cha watu isizidi sehemu 1,000. Mafundi wa majengo wanaitumia alama hiyo hadi leo. Kwa viwango ninavyovitaja hapa hewa ukaa yenyewe haimdhuru mtoto papo hapo. Thamani yake ni kwamba inatuhesabia pumzi. Pumzi tunayoitoa ina hewa ukaa kama asilimia 4. Kwa hiyo darasa likifika 4,000, karibu asilimia 9 ya kila pumzi anayovuta mwanao imekwisha kupita katika mapafu ya mtu mwingine. Akiwemo mmoja mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, mwanafunzi au mwalimu, hiyo ndiyo njia.

Wapo wanaosisitiza kwamba hewa nzito hupunguza uwezo wa kufikiri, wakitaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2016. Ule ulihusu watu wazima 24 wakiwa ofisini, na tafiti nyingine hazikupata tofauti kubwa kiasi kile. Mimi siulazimishi. Hoja ya magonjwa inanitosha, na ya joto na usingizi kila mwalimu wa kipindi cha saa nane mchana anayo yake.

Sasa kiyoyozi. Katika kila kikao cha maendeleo ya shule kuna mtu wa kukipendekeza, na huwa anapigiwa makofi. Jambo ambalo wengi hatuambiwi na muuzaji ni kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ya humu humu, kinaipooza, kinairudisha. Ili kifanye kazi ni lazima madirisha yafungwe, yaani kinatuhakikishia kabisa lile tatizo tulilotoka kulihesabu. Pangaboi nalo lina tabia hiyo hiyo ya kuzungusha hewa ya humu, isipokuwa lenyewe halikatazi dirisha kufunguliwa.

Halafu bei ya umeme. Viyoyozi viwili vinavyokula pamoja kilowati 2.4, vikiwashwa saa 6 kwa siku, siku 22 za masomo, vinamaliza uniti kama 317 kwa mwezi. Kwa LUKU ya takribani Sh 356 kwa uniti hiyo ni Sh 113,000, darasa moja, mwezi mmoja. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Darasa la watoto 45 lina Sh 450,000. Viyoyozi viwili vitaimaliza ndani ya miezi minne: chaki, vitabu, karatasi za mitihani, ukarabati, vyote vimegeuzwa ubaridi.

Nimeingia katika chumba cha kompyuta cha sekondari moja mkoani mwetu ambako haya yalitokea hatua kwa hatua. Kiyoyozi kilifungwa, madirisha yakazibwa kwa silikoni ili vumbi lisifikie mashine. Gesi ilipoisha hapakuwa na fungu la kumlipa fundi. Chumba kikawa hakina kiyoyozi wala dirisha, na wanafunzi wakawa hawawezi kukaa humo hata robo saa. Nilipokwenda kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kompyuta zilikuwa bado zimo, zimefunikwa shuka.

Ushahidi ninaourudia mara kwa mara umetoka Peru. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hospitali za Lima, mji unaosumbuliwa na kifua kikuu. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya vyumba ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati. Vyumba vya kutengea wagonjwa vyenye mashine za kisasa vilikuwa vya mara 12. Na majengo makongwe ya zaidi ya miaka 50, yenye dari refu na madirisha makubwa, yaliyashinda yale mapya. Lile darasa letu la watoto 45 linahitaji hewa ibadilike mara 5 hivi kwa saa ili libaki karibu na 1,000. Hicho ni kiasi ambacho ukuta uliojengwa kwa akili unakitoa bure.

Hapa ndipo ninapoumia. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja Sh milioni 20. Watoto waliokuwa wakisomea chini ya mti walipata paa, na hilo nitalishukuru daima. Lakini fedha iliyotokana na ugonjwa unaoenea kwa hewa ilijenga vyumba ambavyo, katika vingi nilivyovitembelea, vina madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Dirisha la kuteleza hata ulifungue mpaka mwisho hubaki nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Luva za zamani zilifunguka karibu zote. Na matofali ya matundu juu ya lenta, ambayo babu zetu mafundi hawakuyasahau, hayakuwa na komeo la mtu kuyafunga. Tumelipia zaidi, tukapata nusu ya hewa.

Vyumba hivi vilijengwa kwa force akaunti, yaani kwa mafundi wetu wa mtaani wakifuata mchoro mmoja. Maana yake kosa liko kwenye karatasi, na karatasi husahihishwa kwa kalamu. TAMISEMI iko hapa hapa Dodoma. Mchoro wa darasa la kanda ya kati ungeweza kurudisha matundu ya juu, kuweka dirisha linalofunguka lote, na kuwekea matundu hayo wavu mnene wa kuoshwa. Upande ambao jengo linaelekea ni mgumu zaidi kuamua: kwenye nyuzi 6 kusini mwa ikweta tunataka kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua lisichome watoto, huku upepo ukitoka mashariki na kupiga ukuta mfupi. Mtaalamu wa majengo atuamulie kiwanja kwa kiwanja. Wagogo walilijua hili kwa namna yao: tembe lilijikunja chini, paa la udongo, kuta nene, upepo ukapita juu. Lilikuwa na ubaridi wa ajabu mchana. Lilikuwa pia na moshi wa kuni uliokosa pa kutokea, kwa hiyo simtumi mtu arudi kuliishi. Nasema tu kwamba waliokuwepo kabla yetu waliuchukulia upepo wa Dodoma kama hoja ya ujenzi.

Hata tukirekebisha madirisha yote, siku za Septemba bado zitakuwepo ambazo kufungua ni makosa. Ndiyo maana nasema kipimo kinahitajika Dodoma kuliko pwani. Uingereza mwaka 2021 ilisambaza vipima hewa ukaa vipatavyo 300,000 katika shule zake ili walimu wajue ni vyumba gani vina hewa mbovu. Kwao adui wa dirisha ni baridi tu, kipimo kimoja kinatosha. Sisi tunahitaji viwili vinavyosemezana: hewa ukaa ndani, vumbi nje. Kikisema ndani kumezidi na nje kumetulia, taa inawaka fungua. Nje kukichafuka, funga kwa kipindi hicho, kisha watoto watoke wakati wa mapumziko na darasa lipumue. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2021, linataka vumbi la chembe za mikromita 10 kwenda chini lisizidi wastani wa mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo katika saa 24. Hiyo ndiyo ingekuwa alama ya kuanzia kujipima.

Kwenye kununua vifaa kuna mitego miwili ambayo ningependa kila afisa manunuzi aijue kabla hajasaini. Vipima vumbi vya bei nafuu hutumia mwanga wa leza, na vinaona vizuri chembe laini za moshi. Chembe nene za udongo vinazipunguza sana katika hesabu. Kifaa kilichosifiwa katika miji ya moshi wa magari kinaweza kukaa Dodoma siku ya upepo mwekundu kikasema hali ni shwari. Lazima kipimwe hapa, kando ya kifaa cha uhakika, kabla ya kuaminiwa. Mtego wa pili ni wa hewa ukaa: vihisi vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba ndani ya wiki chumba kimewahi kuwa kitupu hadi hewa ikafanana na ya nje. Darasani dhana hiyo ni sahihi, maana Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Bwenini ni uongo. Bweni halijawahi kuwa tupu muhula mzima, na kihisi kitajifunza taratibu kwamba hewa mbaya ndiyo hewa ya kawaida. Nalitaja bweni kwa sababu ndiko watoto wanakolala saa nane mfululizo, vitanda vya deka, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi na mbu.

Baada ya vipimo ndipo mashine ziingie, na kwa darasa lenye matatizo ya kweli ipo mashine inayofaa: feni ya kuingiza hewa ya nje kupitia chujio, ikiwashwa na kihisi pale tu inapohitajika. Inaleta hewa mpya bila kufungua mlango kwa vumbi. Feni ya wati 150, hata iwake saa zote 6 kila siku ya masomo, inakula uniti 20 kwa mwezi, kama Sh 7,000. Linganisha na zile 113,000. Sharti lake ni chujio lioshwe, na Dodoma ni kuoshwa mara kwa mara. Asiyekuwa na mtu wa kuosha asinunue.

Nimesema nitarudi kwenye ardhi uchi. Kila asubuhi, shule baada ya shule, watoto hufagia uwanja wa udongo kwa mifagio ya chelewa dakika chache kabla ya kuingia darasani. Tumeuita usafi tangu tukiwa wadogo. Tunachofanya ni kunyanyua vumbi lililolala usiku kucha na kuwapa watoto walivute saa moja asubuhi, kisha liwafuate darasani. Nyuma ya darasa la mwisho kuna shimo la taka linalowaka. Upande wa pili kuna jiko la kuni la kupikia uji na makande. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Shule ambayo imefunga kihisi darasani na bado inachoma kuni upande unakotoka upepo imejinunulia shahidi dhidi yake. Nami ningefurahi, kwa sababu shahidi huyo ataonyesha saa na dakika moshi unapoingia, na ubishi utakwisha.

Linalonitia hofu zaidi ni nani atakayesoma. Vifaa hivi vina tabia ya kutuma takwimu kwenye kompyuta ya mradi, mradi ukiisha na takwimu zinaisha. Ningependa namba ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa matangazo, saa mbili na saa sita, na wanafunzi wenyewe, chini ya mwalimu wa zamu. Wathibiti ubora wa shule wakija kuhesabu madawati na matundu ya vyoo, waombe na daftari la hewa. Mkurugenzi akiona darasa moja limevuka alama wiki nne mfululizo, liwe limejiandikisha lenyewe kwenye foleni ya ukarabati. Vijana wa VETA wafundishwe kusafisha kihisi na kubadilisha feni, maana kifaa cha kusubiri fundi kutoka Dar es Salaam, hata kama siku hizi treni ya mwendokasi inamleta kwa saa chache, kitakufa mwaka wa kwanza.

Pale kwenye kikao chetu, kabla hatujaondoka, yule mama wa nyuma alinyoosha mkono tena. Akauliza kama kufagia kunaweza kuhamishwa jioni baada ya masomo, na uwanja unyunyiziwe maji ya kunawia yaliyobaki. Hakuna aliyepinga. Mimi nikaomba kipimo kimoja cha hewa ukaa kwa kuanzia, kizungushwe darasa hadi darasa, wiki moja moja. Mwalimu mkuu akaandika kwenye muhtasari: kipimo cha hewa, kimoja; wasomaji, mwalimu wa zamu na wanafunzi wawili wa darasa la sita. Mbele ya neno gharama aliacha nafasi wazi, akaahidi kuipeleka kamati ya shule.